Silabi Mbili

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimpachika jina la Mwalimu Dakika, na mgeni hakuhitaji kuuliza sababu. Alitembea kwenye korido kama mtu aliyesahau jiko linawaka nyumbani. Darasani hakukaa. Mara afungue dirisha, mara alifunge, mara azunguke katikati ya madawati, mara afute ubao ambao hauna hata nukta. Kiti chake ndicho kilichokuwa kipya kuliko viti vyote chuoni, maana hakuna aliyekikalia.

Somo lake liliitwa Kujitambua na Kujiendeleza. Mkuu wa chuo alilipangia Jumatano saa nane mchana, saa ambayo watu wametoka kula na vichwa vinawalemea. Walioletwa mbele yake walikuwa mafundi watarajiwa: wa umeme, wa bomba, wa kuchomelea vyuma, wa cherehani. Wengi walikuja wakiwa wamenuna. Hiyo kujitambua itaunganisha waya gani?

Lakini Mwalimu Dakika alilipenda lile somo, tena kwa dhati. Alikuwa amemchukua binti mmoja wa bomba, fundi hodari lakini mwoga wa watu, akamsimamisha mbele ya wenzake kila Jumatano kwa miezi miwili, mpaka akaweza kumwambia mteja, "Kazi hii ni ya siku mbili, si nusu siku," bila kutazama vidole vya miguu yake. Siku alipoweza, darasa zima lilipiga madawati, na Mwalimu akatoka nje kidogo akisingizia vumbi la chaki.

"Mimi sikuja kuwageuza muwe watu wengine," alikuwa akiwaambia. "Nataka kila mtu ajue anakwenda wapi, na kinachomkwamisha ni nini. Basi."

Muhula huo alibuni zoezi jipya. Wanafunzi wagawanyike wawili wawili. Kila mmoja amfuate mwenzake siku nzima, tangu anapoingia getini mpaka anapotoka, na aandike anachokiona.

"Si mnachofikiri," alisisitiza, akitembea. "Si mnachodhani. Mnachokiona kwa macho."

Walikuwa ishirini na mmoja, kwa hiyo mmoja akabaki peke yake. Huyo walimwita Dereva. Alikuwa mtu wa makamo, amemzidi Mwalimu umri, ameendesha malori miaka ishirini na sita mpaka mgongo ukamkatalia, na sasa alikuwa anajifunza umeme pamoja na vijana wa kuwazaa.

"Basi mimi nitakuwa mwenzako, kaka," Mwalimu akasema, bila kufikiri, kama alivyofanya mambo mengi.

Jumatatu Dereva akamfuata. Alikuwa na daftari dogo la kukunjwa na kalamu nyuma ya sikio, na alikuwa mkimya kiasi kwamba ilipofika saa tatu asubuhi Mwalimu alikuwa amekwisha kumsahau.

Jumatano wakasoma. Walicheka sana. Mmoja aligundulika kuwa anakwenda msalani kila zinapotajwa hesabu. Mwingine aliazima nyundo ileile mara nne, na nyundo yake mwenyewe imo ndani ya begi. Mwisho Dereva akasimama, akavaa miwani, akakohoa.

"Saa mbili na dakika tano. Mwalimu ameanza kupanga mafaili. Saa mbili na dakika tisa. Ameacha mafaili, amekwenda kumwagilia maua. Saa mbili na dakika kumi na mbili. Maji yamekatika, maua mawili bado. Amekwenda kutafuta fundi bomba."

Wanafunzi wa bomba wakashangilia. Mwalimu naye akacheka, mikono kiunoni.

"Saa nne kasoro dakika tano," Dereva akaendelea kwa sauti ileile ya mtu anayesoma orodha ya mizigo. "Simu imelia. Ameitazama. Imeandikwa Dada. Hakupokea. Ameinuka, amefuta ubao. Ubao ulikuwa safi. Saa sita na robo. Simu. Dada. Hakupokea. Amehesabu chaki. Saa nane na nusu. Simu. Dada. Hakupokea. Ametoka nje, amezunguka jengo mara mbili, amerudi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Dereva akavua miwani.

"Ulisema tuandike tunachokiona, Mwalimu."

Kijana wa kuchomelea, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akauliza yale maneno ya Mwalimu mwenyewe: "Sasa Mwalimu, kinachokukwamisha wewe ni nini?"

Mwalimu Dakika akatazama saa ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliwaruhusu watoke dakika ishirini kabla ya wakati.

Dereva alimsubiri mlangoni. "Samahani. Kama ni mambo ya nyumbani, ningeyaruka."

"Umefanya kazi nzuri."

"Mimi nilipokuwa kwenye lori," alisema, akikunja daftari, "nikisikia mlio kwenye injini nilikuwa naongeza sauti ya redio. Siku moja injini ikafa porini. Nikakwama huko siku mbili. Nilikuwa na shehena ya matikiti maji. Usiniulize harufu." Akaenda zake.

Sasa huyo Dada.

Mama yao alipofariki, Mwalimu alikuwa na miaka tisa. Dada yake, aliyemzidi miaka minane, alimchukua, akamlea, akampeleka shule. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma; alikuwa mtoto mkubwa, na mtoto mkubwa alibaki nyumbani kushika kazi. Akaolewa, na mdogo wake akaenda naye kwa mumewe kama sehemu ya mizigo. Mumewe, Shemeji, alikuwa fundi wa mitambo. Baada ya miaka michache alipata kazi kwenye mgodi wa mbali, akaondoka, na barua zikaanza kuja.

Msomaji wa barua zile alikuwa mdogo mtu. Dada alikuwa ananawa mikono kwanza, anakaa, anafumba macho, kisha anasema, "Haya, soma." Barua zilikuwa tano. Baada ya ya tano hazikuja tena. Zote alizihifadhi katika kopo la biskuti chini ya meza yake ya kukatia, maana siku hizi alikuwa na karakana yake ya mito na matakia, na watu walitoka mitaa mingine kumfuata.

Miaka yote hiyo Dada alikuwa akisema, "Mdogo wangu, hebu nifundishe kusoma na mimi." Na Mwalimu akijibu, "Likizo ijayo." Yeye, aliyewafundisha watu wengi kiasi hicho kujiendeleza! Likizo zilikuja na kupita kama abiria. Mara moja walijaribu. Walifika herufi ya nne, Mwalimu akampokonya kalamu, akasema, "Sivyo, sivyo, nipe mimi," kisha akakumbuka ana kikao.

Miezi mitatu iliyopita Dada alimpigia na sauti ya furaha. "Nimechoka kukungoja. Nimejiandikisha darasa la watu wazima, pale ukumbini. Nataka nikiweza, nisome zile barua mwenyewe."

Tangu hapo kila simu ilipolia, Mwalimu alisikia kopo la biskuti likifunguliwa.

Jumamosi ile alikwenda. Njiani alirudi nyuma mara mbili, mara moja kwa kisingizio cha mwavuli, na mawingu hayakuwepo. Alimkuta Dada katikati ya karakana, nywele zimejaa punje za sponji kama mtu aliyenyeshewa mchele, na puani miwani mipya.

"Kumbe uko hai," Dada akasema.

"Shikamoo Dada. Kazi zilinizidi."

"Marahaba. Kazi. Nimekupigia nikusomee. Ya kwanza nimemaliza. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mwalimu wetu anashangaa, anasema mama wewe una njaa." Akacheka, akapangusa meza kwa kiganja. "Leo ni ya tano. Umekuja kwa wakati wake."

Mwalimu akaanza kuokota vipande vya sponji sakafuni. Akavipanga kwa ukubwa. Akaona mkasi uko karibu na ukingo, akausogeza. Akaona kochi la mteja limefunikwa vibaya, akalifunika vizuri.

"Kaa chini, wee. Mimi nikisoma na mtu anatembea, herufi nazo zinatembea."

Akakaa. Dada akanawa mikono kwenye beseni, akajifuta, akaifungua barua. Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo. Akaweka kidole.

"M-ke wa-ngu. Mke wangu. Na-tu-ma-i-ni... natumaini ha-m-ja-mbo." Akainua uso, uso wa mtu aliyevuka barabara kubwa. "Unasikia?"

"Nasikia, Dada." Mwalimu alikuwa ameikalia mikono yake. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kinapiga sakafu chenyewe. Barua ile aliijua yote, neno kwa neno, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alijua kidole kimebakiza mistari mingapi. Minne. Mitatu.

"Dada, kabla hujaendelea, kuna kitu—"

"Shh. Usinitoe kwenye mstari." Kidole kikasonga. "Hu-ku... huku. Ni-me... ni-me-o-a." Kikasimama. Kikarudi. "Ni-me-o-a. Nimeoa?" Akamgeukia mdogo wake, macho makubwa nyuma ya miwani, na kilichokuwa machoni si hasira wala mashaka juu ya mume. Ilikuwa ile hofu ya mwanafunzi aliyekosea mbele ya mwalimu. "Nimekosea wapi? Hii si o?"

Hapo ndipo penyewe. Mwalimu Dakika, aliyezoea kuamua kabla ya kufikiri, safari hii alifikiri. Herufi moja tu ingetosha. Angesema, Dada, hapo pana p imefutika, ni nimepoa, alikuwa anaumwa. Na Dada angeamini. Angekubali kwamba macho yake ndiyo mabovu, kwamba kusoma bado hakujui. Miezi mitatu ya ukumbini ingekuwa bure, na yeye angekwenda nyumbani salama.

"Hujakosea," akasema. "Umesoma sawa, Dada."

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari. Dada alirudi kwenye karatasi kwa sababu mstari ulikuwa haujaisha, na alikuwa amefundishwa kumaliza mstari.

"U-si-ni-su-bi-ri." Polepole, kisha kwa mkupuo: "Usinisubiri." Akavua miwani. "Wewe ulinisomea nisubiri."

"Ndiyo."

"Nakumbuka kama jana. Nilikaa pale. Ukasoma, nisubiri."

"Nilitoa silabi mbili za mwanzo. Na hiyo ya kuoa niliiruka."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijua ninachofanya."

Dada aliikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, taratibu, kama anayekunja kitambaa cha mtu. "Ulinihurumia."

Angeweza kuinama akasema ndiyo, na ingekuwa si uongo kabisa. Lakini alikuwa amechoka kukimbia.

"Nusu ni hivyo," akasema. "Nusu nyingine nilijiogopea mimi. Nilijua ukianguka wewe, shule yangu imeanguka. Nani angenipeleka? Nikaona bora ungoje."

"Miaka mitatu nilingoja, mpaka nilipokata tamaa mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Yule seremala wa vitanda alikuja kwangu mara tatu. Mara tatu, na heshima zake, kofia mkononi. Nikamwambia mimi nina mume, ameniambia nimsubiri. Mara ya tatu alilia, mwanamume mzima. Kisha akaoa." Akachukua mkasi, akavuta kipande cha sponji, akaanza kukata, na mkasi ulikuwa unatafuna vibaya. "Nenda nyumbani."

"Dada."

"Nimesema nenda. Sikutukani. Nenda tu."

Sasa zamu ikawa ya Mwalimu kupiga simu na ya Dada kutopokea. Alipiga asubuhi, mchana, baada ya vipindi. Alisafisha kabati la walimu ambalo halikumhusu. Alihamisha madawati ya darasa lake mara tatu kwa juma moja, mpaka mlinzi akamuuliza kama chuo kinauzwa. Usingizi ulipokuja, ulikuja kwa vipande.

Jumatano wanafunzi walikuwa wanamngoja. Hawakuwa wamelisahau lile swali. Alisimama mbele yao, akaishika meza kwa mikono miwili ili asitembee.

"Mliniuliza kinachonikwamisha. Nilimdanganya dada yangu miaka thelathini na moja iliyopita. Jumamosi nimemwambia ukweli. Sasa hapokei simu zangu."

Yule kijana wa kuchomelea akasema kwa sauti ndogo, "Sasa utafanyaje, Mwalimu?"

"Sijui."

Walitazamana. Neno hilo hawakuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Siku ile hakuna aliyesinzia. Mwenye nyundo alisema anaazima kwa sababu yake ni ya marehemu baba yake na anaogopa kuivunja. Wa msalani akakiri kwamba hesabu za darasa la tano hazijui, amekuwa akinakili tangu wakati huo, na Dereva akasema, "Njoo tukae wote, hata mimi zinanipiga chenga." Mkuu wa chuo alipopita dirishani alikuta ubao mtupu na watu wanazungumza, akaandika onyo kwamba mwongozo wa somo haufuatwi. Mwalimu alilisoma, akalisaini, akamrudishia.

Juma la tano alikwenda bila kupiga simu. Gari la mizigo lilikuwa limeshusha marobota ya sponji mlangoni, na Dada alikuwa anahangaika na robota moja. Alimwona mdogo wake, hakusema karibu, hakusema ondoka. Mwalimu akashika upande wa pili. Wakaingiza marobota kumi na moja. Kisha Dada akamsukumia foronya na gunia la vipande.

"Jaza. Usibane sana."

Alijaza mito saa tatu nzima, yeye ambaye hakuwahi kukaa saa tatu mahali isipokuwa kitandani. Mgongo ulimuuma, pua ikamwasha. Kila alipotaka kuinuka aone kama mlango umefungwa, alijizuia. Alipokuwa kwenye mto wa tisa, Dada akasema bila kumtazama:

"Kuna nyingine uliyoichezea?"

"Barua hakuna. Hizo nne zilikuwa hivyohivyo. Lakini uliponiuliza kwa nini haziji tena, nilikwambia mgodi umehamishwa."

Mkasi wa Dada ukasimama. "Umehamishwa."

"Nilisema umehamishiwa mbali na posta."

"Mgodi," Dada akasema. "Shimo. Wamelibeba shimo." Mabega yakaanza kumtikisika. "Na mimi nikakubali! Nikamwambia na jirani! Nikamwambia, unajua mgodi wa mume wangu umehama!" Akacheka mpaka akaegemea meza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ikafika mahali kicheko kikaisha lakini machozi hayakuisha. Mwalimu alibaki na mto mapajani, hajui ainuke au asiinuke. Hakuinuka.

Dada alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha maua. "Bado nina hasira na wewe. Na haiishi leo."

"Najua."

"Usiseme najua. Kila kitu unajua." Akapiga chafya. "Jumamosi ijayo nina oda ya matakia ya ukumbi mzima. Ukija, njoo mapema. Usije kunifundisha kitu."

Alikuja. Jumamosi nyingi alikuja. Nyingine alikosa, akaambiwa maneno yake. Siku nyingine walizungumza kama zamani, siku nyingine Dada aliamka na seremala moyoni na hapakuwa na mazungumzo, ni mkasi tu na pamba. Darasa la watu wazima alilimaliza mwaka uliofuata, wa pili katika watu thelathini na wawili, na aliyekuwa wa kwanza alimnunia kwa miezi. Chuoni walimwongezea Mwalimu onyo la pili, kisha wakaona wanafunzi wa ngazi nyingine wanaomba kuhamia somo lake, wakanyamaza. Jina la Dakika halikumtoka. Alipata kukikalia kile kiti, lakini kwa upande mmoja.

Jumamosi moja vitambaa vipya vilikuja vimefungwa kwenye magazeti ya zamani. Dada akaacha kazi, akalinyoosha gazeti juu ya meza, akasoma kwa sauti habari ya mwanamke mmoja aliyemshitaki jirani yake kwa sababu ya jogoo. Sasa alikuwa anasoma kwa kasi, anajikwaa kwenye silabi ngumu tu. Jogoo alikuwa amekamatwa, ameletwa mbele ya hakimu ndani ya tenga, hakimu amemtazama, amefungua mdomo—na karatasi ikawa imechanika hapo.

"Alisema nini?" Dada akauliza kwa ukali.

"Nitajuaje?"

"Hakimu alisema nini? Hawawezi kunikatia hapo!" Akapiga meza. "Kipande kingine kitakuwa kimefungiwa vitambaa vya bluu. Inuka wewe usiyetulia, katafute."

Mwalimu alikuwa tayari ameinuka kitini, amepiga magoti mbele ya furushi, anarusha magazeti huku na huku.